Nyumba kongwe ya mawe ya Brownington: nani hasa aliyeiokoa?

Mtu aliyezoea nyumba za mawe za Lamu au Unguja, akioneshwa picha ya nyumba hii, jicho lake litatafuta kwanza mlango. Mlango upo, ila hauna nakshi za kumsimamisha mpita njia, na nje hakuna baraza la kukalia alasiri. Nyumba yenyewe ni kama sanduku: kuta za graniti ya kijivu, ghorofa nne, madirisha yamepangwa safu kwa safu, basi. Imesimama kilimani katika kijiji cha Brownington, Kaunti ya Orleans, kaskazini-mashariki mwa jimbo la Vermont, Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Ilijengwa kati ya 1834 na 1836 iwe bweni la wanafunzi, ikaitwa Athenian Hall, kwa heshima ya mji wa Athene. Siku hizi wenyeji wanaiita tu Nyumba Kongwe ya Mawe, na mwenye nyumba ni Jumuiya ya Historia ya Kaunti ya Orleans, chama cha wenyeji kilichoundwa mwaka 1853.

Nimeichagua kwa sababu kisa chake hakifuati hadithi tunayopenda kusimuliana juu ya uhifadhi. Hadithi hiyo husema watu walitambua thamani ya jengo, ndipo wakaliokoa. Brownington mambo hayakwenda hivyo. Walioinunua nyumba waliitaka kwa kazi nyingine, na jambo linaloifanya leo itajwe mbali na Vermont halikuwamo katika hesabu yao.

Tuanze na aliyeijenga. Alexander Twilight alizaliwa tarehe 23 Septemba 1795 katika mji wa Corinth, Vermont. Wazazi wake, Ichabod na Mary, walikuwa watu huru wenye asili ya Kiafrika, na baba alipigana upande wa Wamarekani katika vita vya kudai uhuru kutoka kwa Waingereza. Katiba ya Vermont ya mwaka 1777 ilikuwa imekwisha kukataza kumfanya mtu mzima mtumwa, lakini hilo halikujaza sufuria ya mtu. Akiwa na miaka kama minane, Alexander aliwekwa kwa mkulima jirani kufanya kazi kwa mkataba. Alilima, akadunduliza, akaununua muda uliobaki katika mkataba wake, na alipofika miaka 20 akaondoka kwenda kusoma sekondari mji wa Randolph. Huko alikaa karibu miaka sita. Mwaka 1823 akahitimu Chuo cha Middlebury. Ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza anayejulikana kupata shahada katika chuo cha nchi hiyo.

Mwaka 1829 aliletwa Brownington kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kaunti, na papo hapo akawa mhubiri wa kanisa la kijiji. Shule ilikuwa jengo la mbao lililojengwa 1823. Shida haikuwa madarasa. Watoto walitoka mashamba ya mbali, na majira ya baridi ya Vermont si ya kumwambia mtoto atembee kilomita kumi kwenda na kumi kurudi. Ilibidi wapange kwa majirani, chumba hapa, kitanda kule. Twilight akawaendea wadhamini wa shule na pendekezo la bweni. Wakakataa kutoa fedha. Akalijenga.

Hapa napenda kutua kidogo, maana watu hupita haraka kwenye neno “akalijenga” kana kwamba alinunua mahema. Graniti haikatwi kwa msumeno wa nyumbani. Fundi wa enzi hizo alitoboa matundu kwa mstari juu ya jiwe, tundu baada ya tundu, nyundo mkono mmoja na tindo mkono wa pili, akilizungusha tindo kidogo kila pigo ili tundu litoke duara. Kisha katika kila tundu alitia vipande viwili vya chuma vilivyopinda, na katikati yake kabari. Akapita na nyundo akizigonga kabari zote kwa zamu, pigo jepesi kila moja, anarudi mwanzo, anapita tena. Mlio wa chuma hupanda kadiri jiwe linavyobanwa. Halafu ghafla jiwe lenyewe hupasuka kwa mstari ulionyooka. Kwenye majengo mengi ya graniti ya kaskazini-mashariki ya Marekani nusu za matundu hayo bado zinaonekana kingoni mwa mawe, kama meno yaliyong'oka. Sasa zidisha kazi hiyo kwa kuta za ghorofa nne, kijijini, kwa miaka miwili. Inasemekana hili lilikuwa jengo la kwanza la umma la graniti katika Vermont. Kwa umbo alionekana kuiga jengo la mawe alilolifahamu vizuri kutoka siku zake za Middlebury.

Mawe yalipandishwaje? Hapo ndipo penye hadithi ambayo kila mgeni hupewa. Husimuliwa kwamba Twilight alimtumia ng'ombe dume mmoja, aliyetembea juu ya mtambo wa kukanyaga ili kuvuta mawe, na kadiri kuta zilivyopanda ndivyo jukwaa la mbao na ng'ombe wake walivyopanda. Kazi ilipokwisha, ng'ombe yuko juu, njia ya kumshusha hakuna. Basi wakamchinja huko huko, wakafanya karamu. Mimi siiamini, hasa mwisho wake, ambao ni mtamu mno kuwa wa kweli. Lakini mtu anayechambua kisa hiki asiitupe. Mtoto wa shule anayepita katika nyumba hiyo atasahau tarehe zote, ng'ombe hatamsahau. Hadithi ya namna hiyo humfanya mtu aione nyumba kuwa yake, na tutaona hapo mbele kwamba ng'ombe huyo alirudi.

Bweni lilipokwisha, Twilight alikutana na tatizo lingine, nalo halikuwa la mawe. Katika Vermont ya wakati ule, kila mji ulipopimwa, sehemu ya ardhi ilitengwa kwa ajili ya shule za sekondari, na kodi ya ardhi hiyo ndiyo iliyoendesha shule. Msomaji wa pwani ataelewa mara moja: ni kama wakfu, shamba halifi na pato lake lina mwenyewe. Kaunti ya Orleans ilikuwa na shule moja tu iliyokula kodi hiyo, ya Brownington. Mji wa Craftsbury nao ukafungua shule yake na kudai fungu. Mwaka 1836 Twilight akachaguliwa kuingia Bunge la Vermont, anatajwa kuwa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote Marekani, na jambo lililomshughulisha huko lilikuwa kodi hiyo isigawanywe. Akashindwa. Pato likagawanywa.

Huu ndio mwanzo wa kuanguka kwa shule, na kwa mtazamo wangu ndio mzizi wa kisa kizima cha uhifadhi. Nyumba ya ghorofa nne ina gharama ya ghorofa nne: kuni, paa, vioo, chakula cha wanafunzi. Ikijengwa kwa kutegemea mfuko mmoja na mfuko ukatobolewa, haiangukii siku hiyo. Inaanza tu kudaiwa. Twilight hakuelewana na wadhamini, akaondoka 1847, akarudi 1852, akapigwa na kiharusi, akafariki tarehe 19 Juni 1857. Mwaka 1859 shule ikafungwa. Jengo la mbao la madarasa likavutwa mteremkoni mwaka 1869, likawa ukumbi wa mikutano wa kijiji. Bweni la mawe likabaki pale pale, kwa sababu nani atalivuta? Likatumika kama nyumba ya wapangaji, likachakaa taratibu.

Kati ya 1859 na kununuliwa kwake na Jumuiya mwishoni mwa miaka ya 1910, nyumba hii haikuwa na mtetezi wa maana. Kwa nini haikubomolewa? Nadhani majibu ni mawili, na hakuna hata moja lenye sifa. La kwanza ni jiwe lenyewe. Nyumba ya mbao ikiachwa, jirani huja akang'oa mbao moja, kesho nyingine. Graniti haichukuliki kwa mkokoteni wa kuazima. Kuibomoa kuna gharama kuliko kuiacha. Jibu la pili ni reli. Zamani barabara ya magari ya farasi kati ya Boston na Montreal ilipita Brownington, ndiyo maana kijiji kilinawiri. Reli ilipokuja ikapita bondeni, biashara ikaifuata, kilimani pakapoa. Hapakuwa na mtu mwenye fedha aliyetaka kiwanja kile ajenge hoteli au duka. Lamu wanaijua habari hii: reli ilipokwenda Mombasa, mitaa yao ya mawe ikaachwa ilivyo, na leo watu hupanda ndege kuja kuitazama.

Kisha Jumuiya ikanunua. Mwaka 1925 ikaifungua kama makumbusho ya kaunti. Angalia neno hilo: ya kaunti, wala si ya Twilight wala ya shule. Jumuiya ilikuwa na vitu, haikuwa na mahali pa kuviweka. Majembe, vinu vya kusokotea nyuzi, vitanda, blanketi za viraka, vyombo vya jikoni, picha za wazee. Nyumba ya mawe ilikuwa na vyumba vingi vidogo, na mawe hayashiki moto kama mbao. Kwa mtu mwenye ghala la vitu vya kale, bweni tupu ni neema. Tena baadhi ya vyumba vikagawiwa miji ya kaunti, kila mji ukapamba chumba chake.

Uamuzi huo wa kugawa vyumba ndio ninaouona wa busara kuliko yote, na wataalamu wa leo wasingeupenda. Wangeuliza: maonesho yanasimulia nini? Yana mpangilio gani? Kwa kweli hayakuwa na mpangilio, yalikuwa kama nyumba ya nyanya ambaye hatupi kitu. Lakini mama wa Barton au wa Craftsbury aliyepeleka kitanda cha bibi yake katika chumba cha mji wake alikuwa na sababu ya kurudi mwaka ujao kukitazama, na kuuliza kama paa linavuja juu yake. Jumuiya ndogo isiyo na serikali nyuma yake huishi kwa watu wa namna hiyo. Hata Craftsbury, walionyang'anyana nao kodi ya shule, wakawa sehemu ya nyumba.

Hasara nayo ilikuwapo. Nyumba iliyojengwa na mtu mmoja kwa kusudi moja ikajaa vitu vya watu wengine, na kwa miaka mingi Twilight alibaki katika simulizi kama mwalimu mkali wa zamani mwenye ng'ombe wa ajabu. Habari kwamba alikuwa Mweusi, na kwamba alikuwa wa kwanza, ilikuja kutangazwa baadaye sana, na haikutangazwa na kijiji. Ilikuja kwa njia ya vyuo, navyo vyuo hupenda sana neno “wa kwanza”. Kwa muda mrefu heshima hiyo ilitajwa kwa wawili waliohitimu 1826: Edward Jones wa Amherst na John Russwurm wa Bowdoin. Wote wawili maisha yao yaliishia kutumika Afrika Magharibi, Jones akiwa mkuu wa Chuo cha Fourah Bay mjini Freetown, Russwurm akiwa gavana wa koloni la watu Weusi lililokuja kuungana na Liberia. Middlebury ilipofungua daftari zake, Twilight akawatangulia kwa miaka mitatu.

Tofauti yao ni kwamba Jones na Russwurm walivuka bahari, na ukitaka kugusa kazi yao itabidi nawe uvuke. Twilight alijifungia kilimani na kurundika mawe. Watafiti walipokuja kumtafuta, nyumba ilikuwa bado ipo, na funguo ziko kwa mtu. Sitaki kusema Jumuiya ilikuwa na macho ya mbali. Ilikuwa na majembe ya kuhifadhi. Ila hesabu ndiyo hiyo: kama wangesubiri mpaka wajue thamani yote ya nyumba ndipo wainunue, wangekuta kuta zimesimama na dari imo chini.

Maana graniti hailindi nyumba, inajilinda yenyewe. Kinachoua nyumba ya mawe ni maji. Maji huingia kwa paa, yakashuka ndani ya ukuta, yakaozesha ncha za boriti pale zinapoingia kwenye mawe. Vermont maji yana silaha ya ziada, yakiganda hupanuka na kusukuma viungo vya chokaa nje. Unguja hakuna barafu, lakini kuna chumvi, na kuna ile tabia ya kupiga ukuta wa chokaa plasta ya saruji ili upendeze. Saruji hufunga unyevu ndani, ukuta haupumui, baada ya misimu michache plasta inadondoka na kipande cha ukuta mkononi. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe atakwambia hayo kabla hajamaliza kunywa kahawa. Kwa hiyo kazi halisi ya Jumuiya ya Orleans, mwaka baada ya mwaka, ni ile isiyopigwa picha: kupanda juu baada ya theluji kuyeyuka na kutazama.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutoka nje ya nyumba moja. Mwaka 1973 kijiji cha kilimani kiliingizwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria, kama eneo zima. Jumuiya ikawa inamiliki nyumba kadhaa jirani, ikiwamo nyumba aliyoishi Twilight na mkewe Mercy kando ya barabara, na nyumba ya Samuel Read Hall, mchungaji aliyefungua shule ya kufundisha walimu mjini Concord, Vermont, mwaka 1823. Hili lina hatari yake. Jumuiya ndogo yenye paa moja ina wasiwasi mmoja, yenye mapaa sita ina wasiwasi sita, na makumbusho yenyewe hufunguliwa miezi ya joto tu, kwa hiyo viingilio vya miezi mitano hubeba gharama za kumi na miwili. Wamejitahidi kuzipa nyumba hizo kazi: masomo ya uhunzi na ufundi wa zamani, ziara za shule, sherehe ya kila Agosti ambapo watu huja kufua chuma na kusokota sufu uwanjani. Nikilinganisha na nyumba nyingi za wakfu za kwetu, ambazo zina wapangaji wengi, kodi ndogo, na hakuna anayejua nani wa kuita bomba likipasuka, naona ubora wao hauko kwenye fedha. Uko kwenye kujua nani anaitwa.

Wakati huo huo Twilight amepanda daraja. Picha yake imetundikwa katika jengo la Bunge la Vermont mjini Montpelier, pale pale alipokwenda kupigania kodi ya ardhi akashindwa. Jumuiya sasa ina mzigo ambao waanzilishi wa makumbusho hawakuwa nao: wageni wanaofika si kwa ajili ya blanketi za bibi zao. Wanakuja kumwona mtu. Na alichoacha mtu huyo ni nyumba yenyewe, si vitu vilivyomo. Sidhani kama vyumba vya miji viondolewe. Vimelipa kodi yao tangu 1925. Lakini mgeni anapaswa kuweza kusimama katika chumba kimoja na kuelewa, bila kusomewa, kwamba hapa walilala watoto waliokuja kusoma, na kwamba kila jiwe la ukuta ule liliwekwa baada ya wadhamini kusema hapana.

Bado lilikuwa limebaki lile jengo la mbao la mwaka 1823, madarasa yenyewe, lililovutwa mteremkoni mwaka 1869. Jumuiya ililipata, ikaamua kulirudisha kilimani karibu na bweni lake. Malori yapo Vermont, na mitambo ya kuhamisha majengo ipo. Lakini tarehe 8 Agosti 2016 zilifungwa nira ng'ombe zaidi ya 40, wawili wawili, mstari mrefu kutoka jengoni hadi juu barabarani, wenye ng'ombe wakitembea pembeni na fimbo zao. Jengo lilikuwa na uzito wa takriban tani 100 na safari ilikuwa kama nusu kilomita, yote ya kupanda. Watu walijipanga kandokando kutazama, wengi wao wakiwa wamekua wakisikia habari za ng'ombe aliyepanda na Nyumba ya Mawe asishuke tena. Hawa wa safari hii walifika juu, wakafunguliwa nira, wakarudi makwao.